Dakika Tatu za Kijani

Jina langu lilitajwa kwenye kipaza sauti cha msikiti jioni ya Ramadhani kumi na mbili, mara tu baada ya swala ya Magharibi, mtaa mzima ukisikia.

"Ndugu Waislamu," alisema Katibu Sufiani, "adhana yetu ya leo imetangulia wakati kwa zaidi ya dakika mbili. Kosa ni la binti wa Mikdad, Raya, aliyetengeneza ile skrini ya saa. Waliofuturu kwa adhana hii watailipa siku ya leo baada ya Idi."

Nilikuwa uani, nimekaa mkekani na bibi yangu, Bi Batuli. Tulishaanza kuingiwa na shaka. Tende ilikuwa imemezwa na uji umefika nusu ya kikombe ndipo adhana ya msikiti wa mtaa wa pili ilipoanza, na bibi akasema, "Hawa leo wamelala." Kumbe waliolala si wao.

Bibi alikirudisha sahanini kipande cha muhogo alichokuwa amekishika.

"Wamesema nani?"

"Mimi, bibi."

"Kwani wewe ndiye unayeadhini?"

Nilikuwa natazama mkono wake. Tangu Alasiri ulikuwa unatetemeka, na mara mbili nilimsihi afungue, akakataa. Bibi ana sukari. Mwaka jana daktari alimkataza kufunga, akatoa fidia ya chakula kwa siku zote thelathini, na kila adhana ya Magharibi alikuwa akiingia chumbani ili asituone tukifuturu. Mwaka huu alibadilishiwa dawa, akaruhusiwa kwa masharti, na kila siku iliyopita aliihesabu kwa kidole kama mtoto anayehesabu meno yaliyoota. Siku ya kumi na mbili ilikuwa ngumu kuliko zote. Aliivuka yote, zikabaki dakika mbili, tukamwangusha hapo.

Nasema tukamwangusha kwa sababu na mimi nina sehemu yangu. Lakini sehemu yangu si ile iliyotangazwa.

Katibu alikuja nyumbani mwezi wa Shaabani. Msikiti ulikuwa umepata televisheni kubwa kutoka kwa mtu mwema, na alitaka ioneshe saa na nyakati za swala. Alijua kwamba nilisomea kompyuta Dar kwa miaka mitatu. Mimi ni mtu wa sauti ndogo, hata dukani huombwa kurudia ninachotaka, lakini kazi ile niliipokea kwa furaha. Nilitaka kuitoa kama sadaka.

Chuoni nilipenda sana kazi ya sura: madirisha, vitufe, maandishi, vile vitu ambavyo mtu anavitazama na kuvigusa. Zana niliyoijengea skrini ile ina jambo moja zuri. Kila kinachoonekana kina mtindo wake, yaani rangi yake, ukubwa wake, kivuli chake. Unaweza kuubadilisha mtindo papo kwa papo, au ukaiambia zana: toka rangi hii uende rangi ile, kwa muda huu, kwa mwendo huu. Zana yenyewe inazijaza rangi zote za katikati, moja baada ya moja, jicho lisione mshono. Na mwendo nao ni wa kuchagua. Rangi inaweza kuanza kwa kunyata halafu ikakimbia mwishoni, au ikaenda sawasawa toka mwanzo hadi mwisho.

Niliifanya skrini ikae buluu mchana kutwa na kugeuka kijani wakati wa swala unapoingia. Mara ya kwanza iligeuka papo hapo. Katibu hakuridhika.

"Inakurupuka," aliniambia. "Mtu yuko kwenye dua zake, mara ukuta mzima unambadilikia usoni. Huoni kama ni utovu wa adabu?"

Alikuwa na haki, na nilipenda kwamba ameliona. Nikaipa robo tatu ya sekunde, kipimo ambacho kwacho jicho hulipokea jambo bila kushtuka na akili haichoki kungoja. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Bado. Iwe kama machweo, binti yangu. Machweo hayaji kwa kukatwa na kisu."

"Unataka muda gani, Katibu?"

"Dakika tatu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia haidhuru, dakika tatu zianze wakati unapoingia. Hapo akaniletea hoja ya dini, nami nikanywea. Alisema kuchelewesha futari si sunna, kwa hiyo saa inapofika kijani lazima kiwe kamili, maana yake kianze dakika tatu kabla. Nikamwambia kwamba mtu ataiona rangi inaanza na atafuturu. Nilimwambia kwa mdomo, na jioni nikamwandikia tena kwenye simu, kwa kuwa nikiandika ninasema vizuri zaidi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Nilinyamaza, nikajaribu kuwalinda watu kwa siri. Niliuchagua mwendo ule wa kunyata, rangi ikae karibu na buluu dakika mbili na nusu, kisha ikimbie. Macho yasingeona kitu mpaka zimebaki sekunde chache, na sekunde hizo zilikuwa za Mzee Bwanausi, muadhini wetu, kusimama na kuifikia maikrofoni. Siku kumi na moja mambo yalikwenda salama.

Asubuhi ya kumi na mbili Katibu alinipigia. Rangi inachelewa kuonekana, alisema, halafu inaruka mwishoni kama gari bovu. Isambae sawasawa. Nikasema, "Katibu, hiyo niliifanya makusudi." Akasema, "Raya, mimi ndiye ninayekaa pale mbele kila siku, au wewe?" Nikaibadilisha. Mpaka sasa nikikumbuka kidole changu kilivyobonyeza kile kitufe cha kuhifadhi nasikia joto masikioni.

Siku iliyofuata nilikwenda bombani na ndoo. Dija, jirani yetu, aliniona akiwa mbali.

"Raya, leo jua unalizimisha saa ngapi, niwahi kuinjika sufuria?"

Wenzake wakacheka.

"Mwacheni," akasema mwingine, "yeye na jua ni mashoga. Jana alimwomba tu ampishe."

Utani wa Dija niliuvumilia, kwani hana ubaya, na hata kunisaidia kujitwisha alinisaidia. Kilichoniuma kilitoka kwa mwanamume aliyekaa kibarazani, wala hakuinua macho kwenye simu yake aliposema, "Jambo la dini ukimpa mtoto wa kike ndiyo hayo."

Nikafika nyumbani na nusu ndoo. Baba alikuwa anajiandaa kwenda dukani kwake. Nilimweleza yote, nikamwambia nina ujumbe wa sauti wa Katibu na nataka kuupeleka kwa kamati ya msikiti. Baba yangu, Mikdad, ni mtu mpole, na upole wake siku ile uliniudhi.

"Sufiani ni mtu mzima, mwanangu. Tumekua pamoja. Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

Bibi alikuwa amelala ndani, mlango wazi. Alimjibu kutoka kitandani.

"Aliyevuliwa nguo hapa ni nani, Mikdad? Huyu mtoto amevuliwa, na wewe unamwambia achutame."

Baba akavaa kofia yake akaondoka. Lakini Adhuhuri, aliporudi, aliniambia kamati inakaa Alhamisi baada ya Alasiri, na kwamba Sheikh Muharami, imamu wetu, amekubali nifike.

Tulikwenda mimi na bibi. Walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa nje wa msikiti: Sheikh Muharami, Katibu Sufiani, Mzee Bwanausi, na wazee wengine wawili wa kamati. Tukaamkiana, shikamoo na marahaba, habari za funga, habari za nyumbani, na kila salamu ilinipunguzia pumzi. Nikaiweka kompyuta yangu juu ya benchi, ikiwatazama wao.

"Nitawaonesha ile skrini kama ilivyokuwa Jumatatu," nikasema. "Sitasema chochote. Kila mmoja ainue mkono atakapoona imekuwa kijani."

"Tunafanyishwa mtihani," Katibu akasema, akitabasamu kwa wenzake.

"Ongeza sauti, mwanangu," Sheikh akaniambia. "Mzee Bwanausi hasikii vizuri."

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikaanzisha, nikashika saa ya simu.

Sekunde ya kumi na tisa, Mzee Bwanausi akainua mkono. Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho, na tangu hapo anaona rangi ambazo sisi wengine tumeshazizoea hatuzioni. Alikuwa amekiona kijani cha kwanza kabisa ndani ya buluu. Akatazama kushoto na kulia, akaona hakuna mkono mwingine, akaanza kuushusha.

"Usishushe, babu," nikamwambia. "Umeona sawasawa. Imeshaanza kweli."

Mmoja wa wazee aliinua katika sekunde ya sabini. Sheikh aliinua baada ya dakika moja na nusu, akacheka kidogo, akasema sijui, nadhani sasa. Mzee mwingine akafuata baadaye sana. Katibu Sufiani alikaa na mkono wake gotini hadi dakika tatu zilipotimia barabara, kwa kuwa yeye alijua zinaishia wapi.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo kijani. Mwenye subira amengoja."

Mzee Bwanausi alikuwa bado ameinua mkono. Akamgeukia.

"Sufiani, wewe uliniambia nini siku ile ulipoifunga televisheni ukutani?"

"Nilikwambia mengi, Mzee."

"Uliniambia niiweke saa yangu mfukoni. Ukasema, ukiona kijani, adhini. Mimi niliona kijani." Sauti ya yule mzee, ambayo asubuhi na jioni inafika mpaka mashambani, ilikuwa imepungua. "Miaka thelathini na mmoja naadhini hapa. Jua letu linazama bara, nyuma ya minazi, hakuna anayeliona likigusa chini. Sijawahi kuwalisha watu mchana."

Sikuwa nimemfikiria yeye. Siku tatu nzima nilijihurumia mimi na bibi yangu, na kumbe kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakutajwa na aliumia vilevile. Hasira yangu ikapata miguu. Nikafungua simu, nikaubonyeza ule ujumbe. Sauti ya Katibu ikatoka, ya upole, ya mtu aliyeshiba:

"Raya, binti yangu, nimesoma maneno yako. Usiogope. Ianze mapema, dakika tatu kabla, kama nilivyosema. Watu waione inakuja polepole. Watu si watoto, watajua kungoja."

Njiwa walikuwa wanatembea kwenye bati juu yetu. Katibu alitoa leso akajifuta shingo, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu yeyote. Akatabasamu, akainua mikono yake kama anayeomba dua.

"Basi, mashekhe. Mwezi mtukufu huu. Mtoto amekosea, nami pengine sikumwelekeza vizuri. Mimi kwa upande wangu nimeshamsamehe."

"Alhamdulillahi," akasema mmoja wa wazee haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja mlango wa kutokea. "Yamekwisha."

Nimelelewa nisimjibu mtu mzima. Nimelelewa vizuri, na siku hiyo malezi yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimtazama bibi. Alikuwa ameegemea nguzo, amefumba macho, midomo imemkauka, naye hakunisaidia hata kwa kukohoa. Aliniachia.

"Sikuomba msamaha wako, Katibu," nikasema. "Sehemu yangu naijua. Nilikubali kitu ambacho nilijua si sawa, na hilo namwomba radhi Mzee Bwanausi, na namwomba bibi yangu. Lakini wewe uliagiza, nikakuonya, ukaagiza tena. Halafu ukanitaja mimi peke yangu."

"Unapandisha sauti msikitini, Raya."

"Nimeambiwa niongeze sauti."

Sheikh Muharami aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, lakini aliponitazama tena uso wake ulikuwa mzito.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Jina langu lilisemwa kwenye kipaza sauti. Na haya yasemwe kwenye kipaza sauti hichohicho."

"Mambo ya kamati hayatangazwi barabarani," Katibu akasema.

"La kwangu lilitangazwa."

Sheikh akakata shauri. Kesho ni Ijumaa, akasema. Baada ya swala, kwenye matangazo, Katibu mwenyewe ataliweka sawa. Katibu akaitikia kwa kichwa. Kuhusu skrini, nikawaambia kwamba tangu jioni ile ya tangazo nilishairudisha: inakaa buluu mpaka wakati uingie, kisha inageuka kwa robo tatu ya sekunde. Mzee Bwanausi akasema hata hivyo saa yake ameitoa mfukoni, na hairudi huko tena.

Ijumaa ukumbi wa wanawake ulijaa. Umetengwa na ule wa wanaume kwa ukuta wa mbao wenye matundu madogo ya nakshi. Tunasikia kila kitu na kuona kidogo. Nilikaa na bibi safu ya mbele. Dija alikuwa nyuma yetu. Swala ilipokwisha Katibu Sufiani alisimama na maikrofoni.

"Ndugu Waislamu, tangazo la kwanza. Kuhusu ile adhana ya Jumatatu. Imebainika ilikuwa hitilafu ya mtambo. Hitilafu hiyo imeshatengenezwa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tangazo la pili ni usafi wa makaburi…"

Mtambo. Mtambo ule ulifanya kila ulichoambiwa, rangi kwa rangi, bila kukosea hata sekunde moja. Haukuwa na hitilafu yoyote. Nilitaka kusimama, nikaghairi. Pale hapakuwa na wazee watano na kompyuta juu ya benchi, palikuwa na watu mia tatu. Nikainama nikaanza kutafuta viatu kwa macho.

Ndipo niliposikia kofi.

Tunaposwali nyuma ya imamu naye akasahau kitu, akaruka rakaa au akasimama pasipo pake, wanaume husema "Subhanallah" kumzindua. Wanawake hawasemi. Mwanamke hupiga kiganja cha mkono mmoja juu ya mgongo wa mkono mwingine, na imamu akisikia kofi hilo anajua kuna alichokiacha, lazima arudi. Nimelisikia labda mara tatu maishani mwangu, na daima ndani ya swala. Sasa swala ilikuwa imekwisha na bibi yangu alikuwa ameketi wima, anapiga. Kiganja juu ya mgongo wa mkono. Taratibu, ule mkono unaotetemeka ukiwa chini.

Katibu alisita. "Usafi wa makaburi," akasema, "utakuwa Jumapili…"

Bibi akapiga tena. Nyuma yangu Dija akapiga. Mwanamke wa pembeni yake, ambaye hata simjui, akapiga. Hawakuwa wameambiwa chochote. Sidhani hata walijua ujumbe wa sauti. Walijua tu kwamba palikuwa na jina, na sasa jina limepotea, na wote walikuwa na siku moja ya kulipa. Ukumbi mzima ukawa unapiga, si kwa kishindo, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Sufiani," Sheikh Muharami akasema, na maikrofoni ikaidaka sauti yake, ikaipeleka mpaka barabarani. "Umeacha kitu. Rudi."

Kupitia matundu niliona mgongo wa Katibu, kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Akahamisha maikrofoni mkono hadi mkono.

"Aliyeagiza rangi ianze kabla ya wakati ni mimi, Sufiani," akasema. "Binti Raya Mikdad alinionya. Sikumsikiliza. Na Mzee Bwanausi aliadhini kwa maelekezo yangu. Nawaomba radhi."

Makofi yakakoma papo hapo.

Watu walianza kusimama, nguo zikikung'utwa, watoto wakiitwa. Dija alinifinya bega. Nilimsaidia bibi kuinuka; alikuwa mwepesi mno, na mgongo wa mkono wake ulikuwa umewiva wekundu. Nikaushika kwa mikono yote miwili.

"Bibi, wamelisema."

"Nimesikia." Alikuwa anatafuta mkongojo wake kwa mguu. "Sasa twende ukanipime sukari. Siku moja bado nadaiwa, na hiyo Sufiani hawezi kunifungia."